Herbert Chapman: Alifungiwa soka maisha, kisha akaijenga Arsenal unayoijua

Timu yako ikipoteza mechi mbili tatu, unajua kinachofuata. Kundi la WhatsApp linawaka moto kabla refa hajapuliza kipenga cha mwisho. Mmoja anataka kocha apigwe kalamu usiku huo huo. Mwingine ana jina la Mhispania fulani aliyemwona kwenye YouTube. Wa tatu anataka nyota wa zamani arudishwe nyumbani, eti kwa sababu anaijua klabu. Kwa kinyozi ni hivyo hivyo, na ukipanda matatu ya kurudi mtaani utakuta dereva na makanga wameshateua kocha mpya na benchi lake lote la ufundi.

Kama wewe ni shabiki wa Arsenal, ubishi huo umeshakukausha koo mara nyingi. Basi kabla hujataja jina lingine, hebu kaa na jamaa mmoja aliyekufa mwaka wa 1934. Usipomjua yeye, hujui kazi unayoibishania ilitoka wapi. Jezi nyekundu yenye mikono myeupe unayoivaa wikendi ni mambo yake. Anaitwa Herbert Chapman.

Alizaliwa Januari 19, 1878 katika kijiji cha Kiveton Park, karibu na Sheffield, kaskazini mwa Uingereza. Baba yake alichimba makaa ya mawe, na katika kijiji kile mtoto wa mchimba makaa alitarajiwa kumfuata babake shimoni. Herbert alikuwa na kichwa. Alisomea uhandisi wa migodi mjini Sheffield, na kwa miaka mingi mpira kwake ulikuwa kazi ya kando tu.

Na uwanjani, tuseme ukweli, hakuwa mtu wa kutisha. Ndugu yake Harry ndiye aliyekuwa staa wa nyumba hiyo. Huyo alishinda ligi mara mbili na Kombe la FA akiwa na timu inayoitwa leo Sheffield Wednesday. Herbert alihamahama: Grimsby, Swindon, Northampton, Sheffield United, Notts County, kisha Tottenham. Ndiyo, Tottenham. Baba wa Arsenal ya kisasa aliwahi kuvaa jezi ya Spurs. Huko alikumbukwa zaidi kwa viatu vyake vya rangi ya manjano kuliko mabao, wakati ambapo kila mtu alivaa viatu vyeusi au vya kahawia.

Mwaka wa 1907 Northampton Town walikuwa wakitafuta kocha. Walikuwa wameburura mkia katika Ligi ya Kusini misimu miwili mfululizo. Kazi hiyo walipewa kwanza mchezaji mwenzake wa Tottenham, Walter Bull, ambaye baadaye alibadilisha nia na kumpendekeza Chapman. Kwa hivyo hata mlango wa kwanza hakufunguliwa kwa sababu mtu alimtaka yeye. Alikuwa chaguo la pili, mchezaji wa kawaida wa umri wa miaka 29 aliyekuwa na digrii ya kuvumilia mabenchi na mabasi. Miaka miwili baadaye Northampton walikuwa mabingwa wa ligi ile ile.

Kuna jambo moja la Northampton ambalo halitajwi vya kutosha. Mwaka wa 1911 Chapman alimsajili Walter Tull kutoka Tottenham. Tull alikuwa Mweusi, babake mtu wa Barbados, mmoja wa wachezaji weusi wa kwanza kabisa kucheza ligi kuu ya Uingereza. Mashabiki wa timu pinzani walikuwa wamemtukana vibaya kwa rangi yake, na Spurs walikuwa wamemweka kwa timu ya akiba. Chapman alimchukua, akamchezesha, na Tull akaichezea Northampton zaidi ya mechi 100. Baadaye akawa afisa katika jeshi la Uingereza na akauawa vitani Ufaransa mwaka wa 1918. Chapman alitazama kiungo anayejua mpira, basi.

Mwaka wa 1912 alihamia Leeds City. Hapa ndipo maisha yake yalipokaribia kuvunjika.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Timu ilianza kupanda katika daraja la pili, mashabiki wakaanza kujaa uwanjani. Kisha vita vya kwanza vya dunia vikaja. Ligi ikasimamishwa, na timu zikacheza mashindano ya muda kwa kutumia wachezaji wageni waliopatikana popote walipokuwa. Sheria ilisema wachezaji hao wasilipwe mshahara. Chapman mwenyewe aliacha mpira kwa muda, akaenda kusimamia kiwanda cha kutengeneza makombora huko Barnbow, nje ya Leeds.

Vita vilipoisha, mchezaji mmoja wa zamani aliyekosana na klabu akatoboa siri kwamba Leeds City walikuwa wakiwalipa wageni kinyume cha sheria. Wakuu wa ligi walitaka kuona vitabu vya hesabu. Klabu ikakataa kuvitoa. Oktoba 1919, msimu ukiwa umeanza na mechi nane zimeshachezwa, Leeds City ikafukuzwa kwenye ligi. Wachezaji wake waliuzwa kwa mnada hotelini, mmoja mmoja, kama ng'ombe sokoni. Na viongozi wa klabu, Chapman akiwa miongoni mwao ingawa alikuwa ameshajiuzulu, walifungiwa soka maisha.

Maisha, si miezi sita. Alikuwa na umri wa miaka 41, ana mke na watoto. Alikwenda kufanya kazi kiwandani katika mji wa Selby, na hata kazi hiyo haikudumu. Sasa jiulize: kama wewe ungekuwa kwenye kamati ya kumtafuta kocha, na mtu akaleta jina la huyu, ungesemaje? Mtu hana kazi, amefungiwa, klabu yake ya mwisho haipo tena duniani. Pale kwa kinyozi ungechekwa mpaka utoke nje bila kunyolewa.

Huddersfield Town hawakucheka. Walikuwa klabu ndogo katika mji uliopenda raga, klabu ambayo mwaka wa 1919 ilikuwa karibu kuhamishiwa Leeds kwa kukosa pesa. Walimsaidia Chapman kukata rufaa, hoja yake kuu ikiwa kwamba wakati malipo hayo yalipofanywa yeye alikuwa Barnbow akitengeneza makombora. Adhabu ikaondolewa. Mapema mwaka wa 1921 akaingia kama msaidizi, na baada ya wiki chache tu akawa kocha mkuu.

Usajili wake wa kwanza wa maana ulikuwa Clem Stephenson wa Aston Villa, mchezaji aliyekuwa ameshapita miaka 30. Wengi walimwona amekwisha. Chapman alimpa unahodha. Mwaka wa 1922 Huddersfield wakatwaa Kombe la FA kwa kuwachapa Preston 1-0.

Halafu ligi. Msimu wa 1923-24 uliisha Huddersfield na Cardiff City wakiwa na pointi 57 kila mmoja. Wakati huo timu hazikutenganishwa kwa tofauti ya mabao. Mabao uliyofunga yaligawanywa kwa mabao uliyofungwa. Huddersfield walikuwa na 60 kwa 33, Cardiff 61 kwa 34. Piga hesabu kwa simu yako: Huddersfield wanashinda kwa kipande kidogo cha desimali. Kwa sheria ya leo wangekuwa sawa, tofauti ya mabao 27 kila timu, na Cardiff wangechukua taji kwa kufunga bao moja zaidi. Tena Cardiff walikosa penalti siku ya mwisho. Sisemi Chapman alikuwa mtu wa bahati, lakini siku hiyo bahati ilimjua kwa jina.

Msimu uliofuata wakashinda tena, safari hii bila kikokotoo.

Sasa twende London. Arsenal ya 1925 haikuwa ile unayoifikiria. Ilikuwa haijawahi kushinda ligi wala Kombe la FA. Msimu wa 1924-25 ilimaliza nambari 20 kati ya timu 22, hatua chache tu kutoka kaburi la kushuka daraja. Mwenyekiti wake, Sir Henry Norris, alikuwa tajiri wa ujenzi, mkali, mwenye mkono mgumu. Alimtimua kocha Leslie Knighton na kuweka tangazo la kazi gazetini. Fikiria hilo: tangazo la kazi gazetini, kama vile wanatafuta karani. Na tangazo lenyewe lilionya kwamba kocha anayetegemea kununua wachezaji kwa pesa nyingi asijisumbue kuomba.

Aliyeipata kazi akawa ndiye mtu ambaye angekuja kutumia pesa kuliko makocha wote wa zama zake. Alilipwa pauni 2,000 kwa mwaka, wakati mshahara wa juu kabisa wa mchezaji uliruhusiwa kufika pauni 8 tu kwa wiki. Ukiondoa pesa, kilichompeleka pale ni jambo alilolipigania popote alipokwenda, nalo ni kwamba kocha ndiye achague timu. Utashangaa, lakini katika klabu nyingi za siku hizo wakurugenzi ndio walioketi mezani na kupanga kikosi. Kocha alikuwa kama msimamizi wa ofisi, anapanga tiketi za treni na kuhesabu jezi. Kwa hiyo unapopaza sauti kumlaumu kocha kwa kumweka fulani benchi, unatumia haki ambayo Chapman ni mmoja wa waliokupa. Kabla yake ungewalaumu wazee wa kamati.

Kiangazi hicho hicho sheria ya kuotea ilibadilishwa. Awali mshambuliaji alihitaji wapinzani watatu kati yake na mstari wa goli, sasa wawili walitosha. Mabao yakamwagika. Ligi kuu, iliyokuwa na mabao chini ya 1,200 msimu uliotangulia, ikapita 1,700. Mabeki hawakujua wasimame wapi.

Chapman alikuwa amemleta Charlie Buchan kutoka Sunderland kwa mkataba ambao hata mawakala wa leo wangeupenda: pauni 2,000 kwanza, kisha pauni 100 kwa kila bao atakalofunga msimu wa kwanza. Buchan alifunga 21. Kumbe Sunderland walikuwa wametaka pauni 4,000 tangu mwanzo, kwa hivyo wakaondoka na pauni 100 za ziada.

Oktoba 3, 1925 Arsenal walikwenda Newcastle wakapigwa 7-0. Ungekuwa na simu siku hiyo, nadhani najua ungeandika nini. Buchan alikuwa na hasira, na wazo alilokuwa akilisema tangu awali, kwamba kiungo wa kati arudi nyuma asimame katikati ya mabeki wawili, akalirudia mbele ya wenzake. Makocha wengi wangemwambia nyota anyamaze. Chapman alisikiliza, akakubali, kisha akauliza nani atajaza pengo litakalobaki katikati. Buchan alijitolea mwenyewe. Chapman akakataa, kwa kuwa alimtaka afunge mabao. Kazi ikaenda kwa Andy Neil, mchezaji ambaye wengi hata hawakumfikiria. Siku mbili baadaye walicheza ugenini dhidi ya West Ham wakashinda 4-0. Mfumo huo, mabeki watatu nyuma, viungo wawili mbele yao, wengine wawili wakiunganisha na watatu wakishambulia, ulikuja kuigwa dunia nzima. Ukiuchora unapata herufi W na M.

Arsenal wakamaliza wa pili. Walioshinda ni nani? Huddersfield, timu aliyoiacha, taji lao la tatu mfululizo.

Na sasa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri, wewe unayetaka kocha afutwe kila Novemba. Baada ya msimu ule wa kwanza, Arsenal ya Chapman ilimaliza nambari 11. Kisha 10. Kisha 9. Kisha 14. Mwaka wa 1927 walifika fainali ya Kombe la FA dhidi ya Cardiff wakapoteza 1-0, kipa wao Dan Lewis akiuachia mpira wa kawaida umponyoke mikononi ukaingia wavuni. Kombe hilo likatoka Uingereza kwenda Wales, mara ya kwanza na ya pekee mpaka leo. Mwaka huo huo Norris alifungiwa na chama cha soka kwa kutumia pesa za klabu kwa mambo yake binafsi. Kocha aliyeajiriwa kwa tangazo akabaki, mwajiri akaenda.

Miaka mitano, sufuria tupu. Yeye alikuwa akinunua vipande kimoja kimoja. Herbie Roberts, beki wa katikati, alitoka timu ndogo ya Oswestry kwa pauni 200. Eddie Hapgood alitoka Kettering, kijana aliyekuwa akisambaza maziwa, mwembamba mno, asiyekula nyama. Mpira wa ngozi ulioloa ukimpata kichwani ulimwangusha, mpaka mtaalamu wa viungo Tom Whittaker akamshawishi aanze kula nyama ya ng'ombe. Akaja kuwa nahodha wa Arsenal na wa Uingereza. Cliff Bastin alionekana kwa ajali: Chapman alikwenda kumtazama mchezaji wa Watford, macho yakabaki kwa kijana wa miaka 16 au 17 wa Exeter upande wa pili. Kabla hajafikisha miaka 20 Bastin alikuwa na Kombe la FA, taji la ligi na jezi ya taifa.

Wengine walikuwa ghali. David Jack wa Bolton, 1928, aliigharimu Arsenal pauni 10,890, bei ambayo haikuwahi kuonekana. Inasimuliwa kwamba mazungumzo yalifanyiwa hotelini, na Chapman alimpanga mhudumu mapema: wageni wa Bolton wamiminiwe vinywaji vikali mara mbili, yeye aletewe glasi inayofanana nazo isiyo na pombe hata tone. Wazee wa Bolton walipochangamka, bei ilishuka. Mwaka uliofuata akaja Alex James wa Preston, Mskoti mfupi mwenye bukta ndefu hadi magotini. Alianza vibaya, mashabiki wakamzomea. Chapman alimpumzisha, akamrudisha.

Aprili 26, 1930, Wembley, fainali ya Kombe la FA: Arsenal na Huddersfield. Kwa heshima ya mtu aliyezijenga zote mbili, timu ziliingia uwanjani sambamba, bega kwa bega. Ule utaratibu unaouona kabla ya fainali ulianza hapo. Ndege kubwa ya Wajerumani, Graf Zeppelin, ilipita juu ya uwanja mchezo ukiendelea. James alifunga, Jack Lambert akafunga, 2-0. Taji la kwanza kubwa katika historia ya klabu.

Baada ya hapo lango lilifunguka. Msimu wa 1930-31 walikuwa mabingwa wakiwa na mabao 127. Wakashinda tena 1933.

Chapman hakutosheka na mpira wa ndani ya mistari. Alitaka namba mgongoni ili mashabiki wajue nani ni nani, na Agosti 1928 Arsenal wakazivaa, wakuu wakakasirika. Aliweka taa Highbury ili watu waangalie mpira usiku baada ya kazi, wakuu wakakataa mechi rasmi zisichezwe chini yake, na ilichukua takriban miaka 20 kabla hawajakubali. Alizungumzia mashindano ya klabu za Ulaya nzima zamani kabla hayajakuwepo. Mwaka wa 1932 aliwashawishi wakuu wa reli ya chini ya ardhi kubadilisha jina la kituo cha Gillespie Road kiitwe Arsenal. Tiketi, ramani, mabango, yote yakabadilishwa. Mpaka leo ukishuka pale unasoma jina la klabu ukutani. Mikono myeupe ilikuja Machi 1933.

Usifikiri alikuwa malaika. Januari 1933 Arsenal walitolewa kwenye Kombe la FA na Walsall, timu ya daraja la tatu, 2-0. Tommy Black, kijana aliyeingizwa kwa sababu wakubwa walikuwa wagonjwa na majeruhi, alisababisha penalti. Siku chache baadaye alikuwa ameuzwa Plymouth. Chapman ndiye aliyempanga, lakini gharama ililipwa na kijana. Mimi jambo hilo halinipendezi hata leo.

Mwaka mpya wa 1934 ulimkuta Arsenal wakiongoza ligi. Januari 1 alikwenda kaskazini kutazama mechi ya Bury, kesho yake akaenda kuwachunguza Sheffield Wednesday, wapinzani wao wa Jumamosi. Alirudi London na homa. Daktari alimwambia alale. Badala yake, usiku wa baridi, akaenda Guildford kutazama timu ya tatu ya Arsenal, vijana ambao hakuna shabiki aliyewajua majina. Nimonia ikamshika. Alfajiri ya Jumamosi, Januari 6, akafariki nyumbani kwake Hendon, akiwa na miaka 55.

Mchana wa siku hiyo Arsenal walicheza na Sheffield Wednesday pale Highbury. Watu wengi walipata habari wakikaribia uwanja. Mechi iliisha 1-1. Wachezaji wake, Bastin, Jack, James, Hapgood na wengine, ndio waliobeba jeneza.

Kisha likaja swali lenyewe: nani amrithi? Joe Shaw, aliyekuwa akifundisha timu ya akiba, alishika usukani hadi mwisho wa msimu. Kazi ya kudumu wakampa George Allison, mkurugenzi wa klabu na mwandishi wa habari, mtu ambaye mashabiki walimjua kwa kutangaza mpira redioni. Mtangazaji wa redio! Hebu lipeleke jina kama hilo kwenye kundi lenu leo uone. Shaw na Whittaker walibaki naye kuwafunza wachezaji, na vikombe viliendelea kuja.

Msimu ule ulioanzwa na Chapman, Arsenal waliumaliza wakiwa mabingwa, pointi tatu mbele ya walioshika nafasi ya pili. Hao walikuwa Huddersfield Town.